Shibiri Moja ya Mshono wa Mama

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, mama yangu alifika kwangu kutoka Vuga akiwa amechomeka sindano kwenye pindo la kanga yake, nami sikuwa nimemwachia hata kipande kimoja cha kushona. Miaka mingi imepita tangu siku hiyo, mwanangu. Nimeshona magauni ya harusi, nguo za ubatizo, sare za kwaya, na sanda za watu niliowapenda. Lakini kila nikitunga uzi, ile siku inarudi na kukaa mbele yangu kama mgeni asiyejua kuaga.

Nikusimulie. Kosa lenyewe ukilitazama kwa juu ni dogo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa, wala hakuna mlango uliobamizwa. Ni habari ya kitambaa cha kitanda cha mtoto, basi. Ila wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu nimeujenga mwenyewe kwa cherehani.

Wakati huo nilikuwa mke wa miaka miwili, nina mimba yangu ya kwanza. Mume wangu Yohana alikuwa seremala, na tuliishi pamoja na mama yake kwenye kijiji kilicho juu ya mji wa Lushoto. Ushonaji nilijifunza kwa fundi mmoja mwanamke pale mjini, na niliolewa nikiwa na cherehani yangu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Sikujivuna kwa maneno, lakini nikikutana na wanawake wenzangu njiani nilitazama mapindo ya nguo zao kabla ya kutazama nyuso zao. Kiburi kina njia nyingi za kukaa kimya.

Yohana aliposikia kwamba tunatarajia mtoto, alijifungia karakanani siku tatu, akatoka na kitanda kidogo chenye fito pande zote nne. Alikuwa amekiona nyumbani kwa daktari mmoja alikokwenda kutengeneza mlango. Kwetu mtoto mchanga hulala ubavuni mwa mama yake, na kwa baridi ya milima yetu nani angefikiria kumtenga? Majirani wakaja kushangaa. Mama mkwe wangu, mtu ambaye neno likimfika mdomoni halikurudi tena, alikizunguka mara mbili.

"Hili ni banda la sungura au la kuku?"

"Ni la mjukuu wako, mama," Yohana akajibu.

"Basi nimkatie majani kabisa, asije akafika akakosa chakula."

Tulicheka mpaka nikashika tumbo. Lakini moyoni nilikipenda kitanda kile. Nilikiona kimekaa kona ya chumba, kitupu, nikajiapiza kwamba nitakishonea matandiko ambayo mlima wote huu haujapata kuyaona: shuka la kuvuta chini ya godoro, foronya yenye marinda, na mfarishi mnene wa kumkinga mtoto na ukungu.

Mimba ilipofika miezi sita nilikwenda Vuga kumsalimia mama. Baba alikuwa amefariki, na mama alikaa peke yake katika nyumba ile niliyozaliwa, yenye migomba nyuma na maharage hadi mlangoni. Tulipomaliza kula akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa cheupe cha marekani kilichokunjwa ndani ya majani ya mkaratusi ili wadudu wasikiguse. Baba alikinunua zamani, alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule chini Mazinde. Alikileta mabegani, akapanda nacho mlima, akamwambia mama kiwekwe mpaka patakapokuwa na jambo la kukistahili.

"Jambo ndilo hilo hapo," mama akasema, akaligusa tumbo langu kwa ncha za vidole. "Hiki ni cha mjukuu wa baba yako. Kiloweke, ukifue, ukianike hata jua likichelewa. Usikikate mpaka nije. Nikishavuna maharage nakuja, tukishone pamoja."

"Sawa, mama."

"Mariamu. Usikikate mpaka nije."

Alilisema mara mbili, na mama yangu hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Ningekuwa na masikio ningesikia. Nilisema tena "sawa, mama," nikakiweka kitambaa kwenye kikapu, nikaondoka.

Sasa nikueleze kwa nini sikungoja, na nitakueleza kweli, maana uzee unanipunguzia hamu ya kujipamba.

Sababu niliyoitoa kwa watu ilikuwa ukungu. Wewe unaujua ukungu wetu wa Juni na Julai. Unashuka asubuhi, unaingia mpaka jikoni, na nguo inakaa kambani siku nne, nawe ukiikamua bado inakujibu kwa maji. Nikajiambia nikikifua kitambaa hiki hakitakauka, na nikimngoja mama nitachelewa. Nikakikata kikiwa kikavu, kama kilivyotoka sandukuni.

Hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Ya moyoni ilikuwa nyingine. Wanawake wa kwaya walikuwa waje kunitembelea Jumapili baada ya ibada, na nilitaka wakikute kitanda kimevaa. Na chini ya hiyo kulikuwa na nyingine tena, ambayo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka mingi: nilikuwa naona haya kwa mishono ya mama yangu. Mama hakujua cherehani. Alishona kwa mkono, mishono mirefu, inayopinda huku na huku kama njia za mbuzi mlimani. Niliwaza mishono ile ikikaa kando ya yangu, iliyonyooka kama uzi wa timazi, nikaona itaniharibia kazi.

Basi nikaketi na mkasi. Nilipima urefu wa godoro, nikaongeza kimo chake pande zote mbili, kisha nikaongeza upana wa viganja viwili wa kukunjia chini. Hivyo ndivyo inavyofanywa, mwanangu, hata leo hesabu ni hiyo hiyo. Pembe nne nikazikata mraba na kuzishona zikasimama, kisha nikapitisha lastiki ili shuka lishike godoro lisichomoke mtoto akipiga teke. Godoro lenyewe nilikuwa nimelijaza sufi iliyotoka tambarare, kavu, nyepesi, iliyochambuliwa mbegu moja moja. Mfarishi nikaufanya wa tabaka tatu, marekani juu, kipande cha blanketi katikati, marekani chini, nikaupiga mistari ya kukatizana ili tabaka la katikati lisije likakimbilia upande mmoja. Mwisho nikashona mto mdogo na foronya yake, nayo nikaizungushia marinda mpaka ikafanana na kabichi.

Siku mbili nilimaliza kila kitu. Sikubakiza hata upana wa kitambaa cha kufutia jasho.

Jumapili wanawake wa kwaya walikuja, wakashangilia, wakapapasa. Nilijisikia nimenyanyuliwa kutoka ardhini. Wazee wana neno lao, kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Mimi siku ile nilitembeza, na sikujua ninatembeza nini.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, mama akafika. Alitembea kutoka Vuga mpaka Soni, akapata gari hadi Lushoto, kisha akapanda kilima chetu kwa miguu ndani ya ukungu ule. Kichwani alikuwa na kikapu cha maharage mapya, na kwenye pindo la kanga, hapa karibu na bega, alikuwa amechomeka sindano yenye uzi mweupe uliokwisha kutungwa na kuzungushwa ili usipotee. Nilimwamkia, akaitikia, akamsalimu mama mkwe wangu kwa Kishambaa, zile salamu zetu ndefu za kuulizana mpaka hali ya mbuzi. Alipomaliza akasema, "Haya. Kitambaa kiko wapi?"

Nikamwingiza chumbani.

Mama akasogea mpaka kitandani. Akainama, akapitisha vidole kwenye pembe za shuka. Akauinua mfarishi, akausogeza karibu sana na uso wake, nikadhani ananusa kama bado una harufu ya mkaratusi.

"Huu ni mshono, au ni mstari wa kitambaa?" akauliza.

Nikaona amenisifu. "Ni mshono, mama! Cherehani hiyo."

"Umenyooka," akasema. "Baba yako angefurahi." Kisha akagusa ule mto wenye marinda. "Na hii kabichi?"

"Ni mto wa mtoto, mama."

"Mtoto mchanga shingo yake ni mchicha, mto wa nini? Utamziba pumzi bure." Akautoa kitandani, akanipa mkononi, taratibu, kama anayerudisha kitu cha jirani.

Halafu akaketi kwenye kigoda. Mkono wake ukaenda begani, ukaigusa sindano, ukabaki hapo. Nilimwona. Nataka ujue kwamba nilimwona, mwanangu. Nikasema haraka haraka, "Pumzika tu mama, umetoka mbali, kazi imekwisha."

"Ndiyo," akasema. "Kazi imekwisha."

Alikaa nasi siku mbili. Alichambua maharage, akazungumza na mama mkwe, akaniombea. Alipoondoka, nilimsindikiza mpaka penye njia panda, na sindano ilikuwa bado ipo begani kwake, na ule uzi wake bado umezungushwa vile vile.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe anamenya viazi. Hakuniangalia.

"Mkwe wangu," akasema, "wiki hii umemshonea mtoto, umemfumua mama yako."

"Nimefanya nini, mama?"

"Yule mtu amebeba sindano kutoka Vuga. Kutoka Vuga! Umedhani ameibeba ya kutolea miiba? Kwani angeshona vibaya mngekufa?"

"Alikuwa amechoka..."

"Nyamaza, mtoto wee. Ungemwachia hata pindo moja. Pindo moja tu akalipiga sindano, akaenda kwake ameshona." Akatupa kiazi majini, maji yakaruka. "Wewe una cherehani, una mume fundi, una kitanda chenye kuta. Yeye ana sindano moja, na umemrudisha nayo."

Nililia, lakini nilikuwa nalia kwa hasira ya kuambiwa. Majuto bado hayakuwa yamefika. Huchelewa, hayo.

Mtoto wetu alizaliwa mwezi Agosti ukielekea kwisha. Msichana. Tukamwita Anna, jina la mama yangu. Wiki ya pili nililifua shuka kwa mara ya kwanza, nalo likakaa kambani siku zake nne. Nilipolitandika, pembe moja ilishika, ya pili ikagoma. Nikavuta upande huu, ule ukachomoka. Marekani ilikuwa imetema wanga wake wote wa kiwandani na kusinyaa, na godoro likabaki limetoa bega nje kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Mfarishi nao ulijikunja, kwa sababu marekani ilisinyaa na blanketi halikusinyaa.

Yohana akachungulia. "Godoro limenenepa, au Anna analilisha kwa siri?"

Sikucheka. Nilikuwa nasikia sauti ya mama: kiloweke, ukifue, ukianike hata jua likichelewa. Kumbe maneno yale yalikuwa ya fundi, na mimi niliyejiita fundi niliyapita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ningeshukuru kama ingekuwa guu tu.

Nikamaliza siku zangu arobaini za ndani. Siku ya arobaini na mbili nilimfunga Anna mgongoni, nikaliweka shuka kwenye kikapu, nikaenda Vuga. Njiani nilipanga maneno ya kuomba msamaha, nikayapanga na kuyapangua. Nilipofika nikamkuta mama ameketi kizingitini, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni Mariamu?" Aliuliza nami nimesimama hatua tatu tu mbele yake.

Nikamkabidhi mtoto. Hakumtazama usoni. Alimpitishia vidole, paji la uso, pua, midomo, masikio, mmoja baada ya mwingine, polepole, akitabasamu. "Ana pua ya baba yako," akasema.

Nikatoa shuka, nikamwambia yote. Kwamba sikulifua. Kwamba sikungoja. Kwamba limesinyaa, anisaidie. Hata la mishono yake, lile la haya, nilitaka kulisema, sikulisema, na mpaka leo sijui kama hakulijua.

Mama akaingia ndani akipapasa ukuta, akarudi na kanga yake nyekundu ya zamani, laini kwa kufuliwa mpaka ikawa kama ngozi ya mtoto. Tukaichana vipande virefu vya kuongezea kando za shuka. Akachukua sindano. Akanipa.

"Nitungie uzi."

"Tangu lini nikutungie uzi, mama?"

"Tangu masika," akasema. "Hata ule niliokuja nao kwako alinitungia mtoto wa jirani. Macho yanafunga, Mariamu. Yalianza pembeni, sasa yanakuja katikati. Ndiyo sababu nilikuambia usikate mpaka nije. Nilitaka nimshonee mtoto kabla hayajafunga."

Nikaanza kulia. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ningoje, macho yangu yanakwisha? Ungeningoja kwa huruma." Akapapasa mpaka akapata mkono wangu. "Nilitaka uningoje kwa kuwa unanitaka."

Mwanangu, nimekaa na sentensi hiyo miaka yote hii.

Mama akaanza kushona. Aliifuata kingo kwa kidole cha kushoto na sindano kwa mkono wa kulia, akijichoma, akinyonya damu, akiendelea. Alishona shibiri moja. Naikumbuka, maana niliipima baadaye: kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono wangu ukiwa umefunguka. Kisha akashusha kitambaa magotini.

"Basi. Macho yamekataa. Malizia wewe, mimi nitakushikia."

Akakishika kitambaa kikakaza, nami nikashona kwa mkono, bila cherehani, mpaka mwisho wa pande zote. Anna alilala kwenye mkeka katikati yetu. Nje mvua za vuli zilikuwa zinaanza, tukasikia tone moja moja kwenye majani ya mgomba. Ningepewa siku moja ya maisha yangu irudi, nisingechagua ya harusi yangu. Ningechagua ile, au ile Jumatano ya ukungu, nikiwa na kitambaa ambacho hakijakatwa.

Tulimpeleka mama kwa daktari wa macho. Akatuambia ugonjwa wenyewe hula macho kimya kimya, na kilicholiwa hakirudi. Miaka minne baadaye akatutoka. Uso wa Anna hakuwahi kuuona, aliujua kwa vidole tu. Na katika watoto wangu wote watano waliolala kwenye kitanda kile cha Yohana, mkono wa bibi yao umebaki shibiri moja: mishono kumi na tisa, mirefu, imepinda. Shuka lilipochakaa niliitupa marekani, ile shibiri nikaikata na kuihifadhi kwenye majani ya mkaratusi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja hivyo hivyo hasa, kwa sauti ya mjukuu. Neema, binti wa yule Anna, anafanya kazi Dodoma na anatarajia mtoto wake wa kwanza. Mwezi uliopita alinipigia simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumbo linasemaje?"

"Linacheza mpira, Bibi. Sasa sikia, Mama kaniambia unataka kuanza kushona matandiko. Usijisumbue! Nimeshaagiza seti nzima kwa simu, ina kila kitu, inaletwa mpaka mlangoni. Wewe pumzika tu."

Pumzika tu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na simu. Wa kulia, nilipoutazama, ulikuwa umeshika sindano. Nikasema asante, nikamtakia heri, nikakata. Nikakaa. Yohana, ambaye sasa kusikia kwake ni kwa kuchagua, akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Siku tatu nilisema hakuna kitu.

Siku ya nne nikaamka nikijiuliza: hivi ninafanya nini? Mama yangu nampenda, na siku zote nimeitaja busara yake, lakini kuna jambo moja alilokosea, nami Mungu anisamehe kwa kulisema. Alinyamaza. Alibeba sindano kutoka Vuga na kuirudisha Vuga, na hakusema, "Mariamu, nimeumia." Alitaka nijue mwenyewe. Vijana hawajui wenyewe, mwanangu, wana mambo mengi masikioni. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kile kile, namfanyia Neema kimya kile kile, ili siku moja naye apate sentensi ya kubeba.

Nikampigia.

"Neema, mimi nataka kushona."

Akacheka. "Bibi, si nilikuambia upumzike?"

"Nikipumzika nitakufa. Nataka kumshonea mtoto wako kabla mikono yangu haijakataa. Sikuombi unihurumie. Nakuomba nafasi."

Nikasikia magari ya Dodoma yanapita nyuma yake. Kisha sauti ikarudi imebadilika, ndogo, ile aliyokuwa nayo akija likizo kula mapeasi yangu mabichi. "Bibi, hiyo seti nilinunua kwa sababu niliogopa kukuchosha. Shona. Nakuomba ushone. Ila usiweke mto, nesi wa kliniki amekataza mto, na mfarishi pia amesema tusubiri mtoto akue."

"Hata bibi yako mkuu alikataza mto, na hakwenda kliniki yoyote. Haya, pima godoro. Urefu, upana na kimo. Usikisie kwa macho."

Nikanunua kitambaa cha pamba pale Lushoto. Nikakiloweka, nikakifua, nikakianika. Ni Julai, ukungu umeshuka, kikakaa kambani siku tano, na siku ya tano nikakimalizia kukausha jikoni juu ya jiko la kuni, hivyo kina harufu kidogo ya moshi. Sikukikata mpaka kilipokauka kabisa. Kwenye pembe moja, upande wa chini ambao ngozi ya mtoto haitaugusa, nimeishikiza ile shibiri ya mama. Pande tatu nimezipinda kwa cherehani. Upande wa nne sijaugusa.

Sasa nikuachie neno, mwanangu, maana nimekuzungusha mlima mzima. Kitambaa kifue kwanza, hata jua likichelewa, kwa sababu kisichosinyaa leo mbele yako kitasinyaa kesho mbele ya watu. Kazi ya mikono yako ikikunyookea, usiione haya ile iliyopinda ya aliyekulea. Alikuwa anakushonea wewe wakati huna hata jina. Mtu wako akikuambia ningoje, mngoje kabla hajahitaji kukupa sababu. Na ukiwa mzee kama mimi, usikae na sindano begani ukingoja wakusome. Sema. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mkono wa pili nao lazima ujitokeze.

Kila unaposhona kitu cha kumpokea mtu duniani, bakiza pindo moja.

Shuka limeondoka leo asubuhi kwenda Dodoma, limekunjwa ndani ya majani ya mkaratusi. Kwenye ule upande wa nne nimechomeka sindano yenye uzi mweupe, nimeuzungusha usipotee. Neema hajui kushona. Atashona vibaya, na nimemwambia hivyo ndivyo ninavyotaka.

Nawe unayenisikiliza, Mungu akujalie mtu wa kukutungia uzi macho yako yakichoka. Akupe jua la kutosha kukausha unachofua, na moyo wa kungoja lisipokuja. Na siku mama yako akifika mlangoni kwako kutoka mbali, amechoka, ana sindano begani, akukute kitambaa kingali kizima mikononi mwako.